Hata jiwe la jikoni lahitaji matunzo

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Msemo huo nimeufundisha na kuusikia mara nyingi, lakini siku niliyouona ukweli wake kwa macho, kilichokuwa hatarini kilikuwa meza ya mawe jikoni kwa mjomba wangu huko Minjila, na pamoja na meza hiyo, heshima ya msichana wa kidato cha pili.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Minjila ni mji mdogo ulio karibu na Garsen katika kaunti ya Tana River. Wasafiri watokao Malindi, wawe wanaelekea Lamu au Hola na Garissa, hupita pande hizo, na wenye hoteli ndogo za kando ya barabara huwapokea kwa chai, mahamri, wali na samaki. Huko ndiko mjomba alikoamua kumalizia siku zake baada ya kufundisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Fedha za kiinua mgongo alizijengea nyumba, na jikoni akamwekea mkewe meza ya marumaru nyeupe. Bamba hilo lilinunuliwa Mombasa, likasafirishwa kwa lori likiwa limesimamishwa wima katikati ya magodoro kama mgonjwa aliyevunjika mgongo. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita zipatazo 120, na kutoka Malindi hadi Garsen ni zaidi ya mia moja tena. Lilipofika salama, majirani walikuja kulitazama.

Nilipowatembelea miezi michache baadaye, nilikuta nyumba imenuna. Juu ya bamba lile palikuwa na madoa ya mviringo, makubwa kama sarafu ya shilingi ishirini, na karibu nayo eneo zima lililopoteza mng'ao, likawa kama kioo kilichopulizwa pumzi. Mkaza mjomba alikuwa amefuta kwa sabuni, akafuta kwa majivu, akafuta kwa siki, na kila alivyozidi kufuta ndivyo doa lilivyozidi kupanuka. Lawama zote zilimwangukia binti yao.

"Huyu amemwaga dawa," mjomba aliniambia kwa uchungu. "Nimemuuliza mara tatu ni dawa gani, hasemi."

"Kaka, mimi sikumwaga dawa," msichana alijibu huku ameinamisha kichwa. "Nilikata malimau ya achari, nikayaacha pale usiku mmoja. Asubuhi nilipoona uchafu nikausugua kwa limau lililobaki. Shuleni tuliambiwa limau husafisha."

"Limau!" mjomba akacheka kicheko kisicho na furaha. "Tangu lini limau likala jiwe?"

Sikutaka kumkosoa mtu aliyenilea. Nilimwomba tu anionyeshe kipande cha marumaru kilichobaki fundi alipokata tundu la sinki. Kililetwa kutoka uani, kilikokuwa kikizuia mlango wa banda la kuku. Nikakikwaruza kwa msumari hadi ukatoka unga mweupe, kisha nikamwambia msichana akamulie tone la limau juu ya unga ule. Mara povu dogo likachemka, likatoa vipovu mfano wa soda iliyofunguliwa. Mjomba aliinama, akatazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Hatimaye aliuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna lililobaki la kumfanyia bintiye zaidi ya kumwomba radhi.

Nimelisimulia tukio hili kwa sababu naamini linatokea katika nyumba nyingi, na kwa sababu lina funzo kwa walimu na wanafunzi ambao ndio wasomaji wa ukurasa huu. Msichana yule alikuwa ameandika katika daftari lake la kemia kwamba asidi ikikutana na kaboneti hutoa chumvi, maji na hewa ya kaboni dioksaidi. Alilijua jibu kwa ajili ya mtihani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba asidi ile imo ndani ya limau, na kwamba kaboneti ile ndiyo meza ya mamake.

Hebu basi tuanze na jiwe lenyewe. Ardhi ya Garsen na vitongoji vyake ni ardhi ya mfinyanzi na tope. Mto Tana hutoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukasafiri kilomita zipatazo 1,000 hadi Bahari Hindi karibu na Kipini, na njiani mwote humomonyoa miamba na udongo. Kufikia huku chini, mwamba umeshakuwa mchanga na matope. Ndiyo maana wakulima wa kandokando ya mto walijenga kwa miti, udongo na makuti, nao wafugaji wakajenga kwa fito na mikeka ambayo huhamishika. Jiwe katika nchi ya namna hii ni mgeni. Hata jiwe la kusagia na mafiga matatu ya kutelekea chungu, kwa wengi, ni vitu vilivyotoka kwingine.

Hata hivyo, karibu na mlango wa mto huohuo kuna magofu ya Ungwana, mji wa kale wa Waswahili ambao mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimbua katika miaka ya 1950. Wakazi wake hawakuwa na milima ya kuchonga, lakini walikuwa na bahari. Walijenga kwa mawe ya matumbawe, wakayaunga kwa chokaa. Ndivyo ilivyokuwa pia Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, na Gedi karibu na Malindi, ambayo iliingizwa katika orodha hiyo mwaka wa 2024.

Ajabu ya chokaa ni kwamba nayo ni jiwe lililosafiri na kurudi. Matumbawe huchomwa kwa moto mkali hadi yakatoa hewa ya kaboni dioksaidi iliyomo ndani yake, yakabaki unga mweupe. Unga huo ukichanganywa na maji na kupakwa ukutani, hufyonza polepole hewa ileile kutoka angani, ukawa mgumu upya. Kwa hiyo matumbawe, chokaa iliyokomaa na marumaru ni ukoo mmoja: zote kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyopikwa na joto na kugandamizwa na uzito wa dunia kwa mamilioni ya miaka. Uzuri wake umetokana na tanuri hiyo, ila tabia ya ukoo haikubadilika. Penye asidi, huliwa.

Ukoo wa pili ni wa itale, ambalo mafundi wetu huliita graniti. Hili lilizaliwa kwa mwamba ulioyeyuka ardhini na kupoa polepole, na ndani yake mna punje za kwatzi na madini mengine magumu. Majabali makubwa yanayouzunguka mji wa Mwanza huko Tanzania ni ya jamii hiyo. Itale halichemki likidondokewa na limau, wala halikwaruziki upesi. Kwa jikoni la familia inayopika mchuzi wa ukwaju kila siku, itale ni chaguo la busara kuliko marumaru, ingawa marumaru huvutia zaidi macho.

Kuna pia tarazo, ambayo ni vipande vya marumaru vilivyoshikanishwa kwa saruji na kusuguliwa hadi vikang'aa. Na kuna meza za saruji tupu, ambazo ndizo nyingi katika hoteli za barabarani na majiko ya shule. Zote mbili huumwa na asidi, kwa kuwa hata saruji ina chokaa ndani yake. Mwisho kuna mawe ya kutengenezwa kiwandani, ambapo kwatzi iliyosagwa huunganishwa kwa gundi ya plastiki. Hayo hayaogopi limau, lakini huogopa moto: sufuria iliyotoka jikoni ikiwekwa juu yake yaweza kuunguza gundi na kuacha alama isiyotoka.

Msomaji atauliza: nitatambuaje jiwe langu ni la ukoo gani? Jaribio ni rahisi. Chukua kipande kilichobaki, au sehemu iliyofichika chini ya ukingo, uikwaruze kidogo kwa ncha ya kisu. Mwanasayansi Friedrich Mohs, mapema katika karne ya 19, alipanga madini kwa daraja za ugumu kutoka 1 hadi 10. Kalsiti, ambayo ndiyo madini ya marumaru, iko daraja la 3. Chuma cha kisu ni kama 5 na nusu. Kwatzi iko daraja la 7. Kwa hiyo kisu huikwaruza marumaru, lakini huteleza juu ya kwatzi. Tone la ndimu juu ya unga uliokwaruzwa litathibitisha yaliyobaki.

Baada ya kulijua jiwe, ni sharti tutofautishe maradhi mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni doa. Mafuta ya kupikia, manjano, chai na kahawa huingia katika vinyweleo vya jiwe na kukaa humo. Jiwe lenyewe ni zima, ila limenywa kitu kisichofaa. La pili ni kuumwa. Hapa asidi imeondoa tabaka jembamba la jiwe, na mng'ao ukaenda nalo. Hakuna kilichoingia, kuna kilichotoka. Mkaza mjomba alipofuta kwa siki alikuwa akitibu ugonjwa wa pili kwa dawa ileile iliyouleta. Alama ya kuumwa haiondolewi kwa sabuni ya aina yoyote. Ni fundi tu awezaye kulisugua jiwe upya kwa misasa laini hadi mng'ao urudi, na kazi hiyo ina gharama.

Asidi za jikoni mwetu ni nyingi kuliko tunavyodhani. Limau na ndimu ndizo kali zaidi, lakini wamo pia ukwaju, siki, embe bichi la achari, nyanya zilizokatwa, na hata maziwa yaliyoganda ambayo wafugaji wa Tana huyathamini. Hakuna haja ya kuyafukuza jikoni. Kinachotakiwa ni kwamba yakatwe juu ya ubao, yatiwe katika bakuli au sahani, na yakimwagika yafutwe papo hapo kwa kitambaa chenye maji. Dakika moja haina madhara makubwa. Usiku kucha ndio uliomponza binti ya mjomba.

Usafi wa kila siku nao hauhitaji dawa za bei ghali. Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni laini ya kuoshea vyombo na kitambaa laini vinatosha kwa mawe ya koo zote. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kusuuza na kukausha. Maji ya visima katika sehemu nyingi za pwani na za ukanda huu yana chumvi na chokaa. Yakiachwa yakauke yenyewe juu ya meza, huacha ukoko mweupe pembeni mwa sinki, na mwenye nyumba, akidhani ni uchafu, hukimbilia siki. Siki hutoa ukoko, maana ukoko nao ni kaboneti, lakini juu ya marumaru haitajua pa kukomea. Kitambaa kikavu kila jioni huzuia yote hayo.

Mchanga, majivu na nyuzi za chuma, ambavyo hung'arisha sufuria zetu tangu enzi za mababu, visiguse marumaru wala tarazo. Tumeshaona kwamba kwatzi ni daraja la 7 na marumaru ni daraja la 3, na mchanga wa mto kwa sehemu kubwa ni kwatzi. Kuusugulia marumaru mchanga ni sawa na kupiga msasa ubao uliokwisha kupakwa vanishi.

Kuhusu vinyweleo, kuna dawa za kuviziba ambazo hupakwa juu ya jiwe, zikaingia ndani na kuzuia mafuta na maji. Haziwi za kudumu. Hurudiwa kila zinapochakaa. Namna ya kujua ni kudondosha matone ya maji juu ya jiwe kavu na kungoja dakika kumi hivi. Maji yakibaki yamesimama kama lulu, kinga ipo. Jiwe likiyanywa na kubadilika rangi, wakati wa kupaka umefika. Lakini wauzaji wengine huwaahidi wateja kwamba dawa hiyo itazuia kila kitu, na hapo pana udanganyifu. Dawa ya kuziba vinyweleo huzuia doa. Haizuii kuumwa, kwa sababu asidi hushambulia uso wa jiwe wenyewe, haingoji kupenya.

Doa la mafuta likiwa limeshaingia, lipo tumaini. Changanya magadi ya kuokea na maji kidogo hadi upate uji mzito, upake juu ya doa, ufunike kwa karatasi ya nailoni na uache usiku mzima. Uji unapokauka huvuta mafuta kutoka ndani ya jiwe. Rudia ikibidi. Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya kubahatisha. Huko Agra nchini India, jengo maarufu la Taj Mahal, ambalo ni la marumaru nyeupe, lilianza kugeuka rangi kwa moshi na vumbi la mji, nao wahifadhi wake wamekuwa wakilipaka tope maalumu la mfinyanzi, wakaliacha likauke na kisha kuliosha kwa maji safi. Kanuni ni ileile ya jikoni: kinachokauka juu huvuta kilichojificha chini.

Fauka ya haya, jiwe huvunjika. Bamba la meza lina nguvu likigandamizwa, ila ni dhaifu likipindwa. Asipande mtu juu yake kubadilisha taa, na fundi ahakikishe lina mihimili chini, hasa karibu na tundu la sinki ambapo jiwe limebaki jembamba. Sufuria ya moto iwekwe juu ya kipande cha ubao au kitanga cha ukindu. Itale huvumilia joto, lakini joto la ghafla upande mmoja wakati upande wa pili ni baridi laweza kuzusha ufa. Na ufa ukishaonekana, hata uwe mwembamba kama unywele, uzibwe mapema. Hapo ndipo methali yetu inaporudi.

Ufa nao una hatari inayopita urembo. Tana ni mto wa neema na mto wa mafuriko. Mvua za El Niño za mwaka wa 1997 na 1998, mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliingia katika nyumba na mashamba, na mwezi huo wa Mei 2024 wagonjwa wa kipindupindu walithibitishwa katika kaunti ya Tana River. Katika mazingira ya namna hiyo, meza ya jikoni yenye nyufa na vishimo ni maficho ya viini. Samaki kama kambare na kamongo wanaovuliwa katika maziwa ya delta wapaswa kupasuliwa juu ya ubao wa peke yake, na meza ioshwe kwa sabuni kabla ya kuandaliwa chakula kisichopikwa, kama vile kachumbari.

Maji ya mafuriko yakishaingia jikoni na kutoka, jambo la kwanza ni kulimwagia jiwe maji mengi safi ili tope liondoke lenyewe. Kulifuta likiwa na tope ni kulisugua kwa mchanga. Kisha lioshwe kwa sabuni, na baada ya hapo lipitishiwe dawa ya klorini iliyopunguzwa makali kwa kipimo kilichoandikwa chupani, lisuuzwe na kukaushwa. Dawa hiyo isikae juu ya marumaru kwa muda mrefu. Na ninaomba hili lisomwe mara mbili: dawa ya klorini, ambayo wengi huiita jiki, kamwe isichanganywe na siki wala limau. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Yuko mtu anayedhani kwamba dawa mbili zikikutana zitasafisha maradufu. Huyo ajihadhari, hasa akiwa amefunga madirisha.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni mazungumzo ya matajiri. Mkulima wa mpunga ambaye shamba lake limesombwa na maji ana haja gani na habari za marumaru? Hoja hiyo ina uzito, na siipuuzi. Lakini tazama jikoni mwa mkulima huyo. Kuna jiwe la kusagia, ambalo nalo lina vinyweleo, linapaswa kuoshwa kwa maji safi na kuanikwa juani likauke kabisa, kwa kuwa unga uliobaki humo huchacha na kuota ukungu. Uso wake ukilainika kwa kusaga, huchongwa upya, na baada ya kuchongwa husagiwa konzi ya nafaka ya kutupwa, ili vumbi la mawe lisiliwe na watoto. Bibi zetu waliyajua haya pasipo kuambiwa na mtu wa mji. Kuna sakafu na meza za saruji katika majiko ya shule, zinazomwagikiwa na nyanya na siki, zikabanduka ganda moja baada ya jingine. Elimu ya marumaru ya mjomba ndiyo elimu ya saruji ya shule.

Isitoshe, kuna mtu ambaye hatumwoni tunapokisifu kijiko kinachoakisi uso wa meza. Ni fundi aliyelikata jiwe. Vumbi la kwatzi likivutwa kwa miaka huharibu mapafu na kuleta ugonjwa wa silikosisi, ambao hauna tiba ya kuuondoa. Mawe ya kiwandani ndiyo mabaya zaidi, kwani mengi yana kwatzi inayozidi asilimia 90. Australia ilipoona vijana wake wakidhoofika, ilipiga marufuku utengenezaji, uuzaji na uwekaji wa mawe hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Kwetu, mafundi wengi hukata mawe yakiwa makavu, wamejifunga leso puani, wingu jeupe likiwafunika. Leso haizuii vumbi hilo. Jiwe likatwe huku likimwagiwa maji, na fundi avae barakoa maalumu ya vumbi. Vyuo vyetu vya ufundi vilitie jambo hili katika masomo ya siku ya kwanza, na mwenye nyumba anayelipia meza akubali kulipia pia usalama wa anayeitengeneza.

Narudi kwa walimu. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kufanyiwa majaribio mwaka wa 2017, tumeambiwa tuwafundishe watoto kutenda, wasikariri tu. Wengi wetu tumelalamika kwamba hatuna maabara, na malalamiko hayo ni ya haki. Hata hivyo, somo nililolieleza linahitaji kipande cha marumaru kilichotupwa na fundi, kipande cha tumbawe kilichookotwa ufuoni, kokoto moja ya itale, msumari na nusu ya ndimu. Mwanafunzi atakayeona povu likichemka juu ya tumbawe na kukosekana juu ya itale hatalisahau, na atakaporudi nyumbani atajua kwa nini ukuta wa kale wa Lamu haupaswi kuoshwa kwa asidi, wala meza ya tarazo kwa siki. Mwalimu wa kemia, mwalimu wa historia na mwalimu wa Kiswahili wanaweza kukutana juu ya kipande kimoja cha jiwe.

Nanyi wanafunzi, msingoje kuulizwa katika mtihani. Mkisikia jambo darasani, liulizeni: hili liko wapi nyumbani kwetu? Binti ya mjomba alikuwa na jibu sahihi daftarini siku ileile alipolifanya kosa jikoni. Masikio yake yalikuwa mazima na akili yake ni nzuri. Daraja baina ya daftari na jiko ndilo lililokosekana, na kulijenga daraja hilo ni kazi yetu sisi wakubwa.

Nilipokuwa naondoka, mjomba alinisindikiza hadi kituoni. Nilimwambia kwamba nikifika Mombasa nitamtafutia fundi wa kulisugua jiwe lirudi hali yake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mpwa wangu, fundi na asubiri. Jumamosi watoto wa jirani watakuja kusoma, na binti yangu ndiye atakayewafundisha. Nataka waione alama kwanza."

Juma lililofuata nilipiga simu kuulizia hali. Mkaza mjomba ndiye aliyepokea, akaniambia kwamba somo lilifanyika, watoto walikuwa saba, na kwamba malimau yote ya nyumba yamekwisha kwa majaribio. Pembeni mwa sinki, alisema, sasa kuna ubao wa kukatia na kitambaa kikavu kilichotundikwa msumarini. Binti ndiye aliyevitundika, na baba yake hukumbushwa kila anapomaliza kunywa chai ya limau.